Uzi Wenye Vichwa vya Rangi Mbili

Watu wa Ung'avu hawaandikiani barua wala hawatumi wajumbe. Maneno yao yote, kuanzia salamu za asubuhi hadi hukumu za mahakama, husafiri kama mwanga ndani ya nyuzi za kioo nyembamba kuliko unywele. Nyuzi hizo zimefukiwa chini ya kila barabara na kupandishwa kila mlima, na ni kazi ya kustaajabisha. Mtu aliye Bondeni, mji wao mkuu, anaweza kumpigia hodi mtu wa Mlimani, na kabla hajafunga mdomo hodi imeshafika. Angalau hivyo ndivyo ilivyokusudiwa. Mimi, katika wiki zangu za kwanza huko, sikusikia hata neno moja lililofika zima.

Sababu nilielezwa mapema, na walionieleza hawakuona kuwa ni jambo la aibu. Uzi wenyewe hausumbui. Shida iko pale unapokwisha, ambapo ni lazima ushikane na uzi mwingine au uingie kwenye tundu la mashine. Kila ncha huvishwa konekta, ambayo wao huiita kichwa, na pale katikati ya kichwa, kioo kinapotokeza, huitwa uso. Ili mwanga uvuke, uso mmoja unatakiwa uguse uso mwingine sawasawa, bila chembe ya vumbi katikati. Basi, hakuna zaidi ya hapo. Juu ya jambo hilo dogo Waung'avu wamejenga vyama viwili vya siasa, wizara tatu, na sheria nyingi kuliko nyumba za ibada.

Bondeni wanatumia vichwa vya bluu, ambavyo uso wake ni bapa. Mlimani wanatumia vya kijani, ambavyo uso wake umekatwa mshazari kidogo. Mafundi wa zamani waliukata mshazari kwa sababu ya maana kabisa: kuna mwanga kidogo ambao hugonga uso na kuruka nyuma, na ukimrudia aliyeutuma unamvurugia maneno; mshazari unautupa pembeni. Kazi nyingine hazikuhitaji uangalifu huo, na bapa likatosha. Kila kichwa kilifanya kazi vizuri na mwenzake wa rangi moja. Lakini mafundi hao walishakufa, na rangi zikawa tabia. Watu wa Bluu husema wao humtazama mtu usoni, na kwamba wenzao wamepinda tangu kuzaliwa. Watu wa Kijani husema wao wana adabu ya kutomrudishia mtu maneno yake, na kwamba wenzao ni wakavu.

Kisha, kwa kuwa taifa ni moja, ikapitishwa Sheria ya Umoja. Sheria hiyo inaamuru kwamba uzi mkuu unaoshuka kutoka Mlimani, wenye kichwa cha kijani, usukumwe moja kwa moja ndani ya tundu la bluu la mashine ya Bondeni, bila kitu katikati. Unasukumwa kila mwaka kwa sherehe na nyimbo. Bapa na mshazari havigusani. Hubaki mwanya kama wa mlango usiofungika, na sehemu kubwa ya mwanga humwagikia hapo.

Na kuna Sheria ya Heshima, inayokataza kufuta uso wa kichwa kabla ya kukiunganisha. Kufuta, walinieleza, ni kumwambia mwenzako kwamba ni mchafu.

Nilifikia kwa mama mmoja aitwaye Bi. Kibibi, muuza vyungu katika Soko la Mchangani. Soko hilo liko ndani ya mto. Sisemi kando ya mto: ndani. Mto Mnene ulizuiwa na bwawa la Mlimani miaka mingi iliyopita, na mchanga wake mkavu ukajaa vibanda, majiko, shule ndogo ya chekechea na vitanda vya watu. Bi. Kibibi alikuwa na tanuru la kuchomea vyungu kubwa kama chumba, na alilipenda kuliko alivyompenda marehemu mumewe. Hivyo ndivyo alivyoniambia mwenyewe, akicheka.

Nilitaka kumpelekea neno mke wangu, Saumu, huko kwetu ambako nyuzi zao zimefika, kwamba nimefika salama. Bi. Kibibi alikuwa na uzi nyumbani kwake, lakini kichwa chake kilikuwa kimevunjika, kwa hiyo nikaenda Idara ya Uchaguzi wa Vichwa kununua kingine. Alinipokea karani mmoja mpole, Bwana Msellem, akanikalisha kwenye kiti chenye mto.

"Karibu sana, mgeni wetu. Unapenda rangi gani?"

"Ipi inafaa?"

"Kufaa ni neno zito," alisema. "Wewe niambie mapazia ya nyumbani kwako yana rangi gani."

Akanionyesha vichwa juu ya kitambaa cheusi. Kulikuwa na vya mraba vya kusukuma, vya duara vya kukaza kwa kuzungusha, na vidogo ambavyo viwili viliweza kukaa mahali pa kimoja na vililia "tik" vikiingia. Vidogo, aliniambia, bado vinabishaniwa bungeni kama vimefikia umri wa kupiga kura.

"Bwana Msellem," nikasema, "si ingefaa kwanza tujue tundu litakalopokea kichwa hiki? Umbo lake, rangi yake, na aina ya uzi?"

Akavuta pumzi, kama mtu aliyeulizwa swali hilo na wageni wengi.

"Matundu yako Idara ya Matundu. Sisi hatusemezani nao tangu ule ugomvi wa mlango."

"Na uzi?"

"Uzi ni wizara nyingine kabisa." Akainama, akapunguza sauti. "Lakini kwa kuwa umekuwa muungwana, nikushauri chukua wa rangi ya chungwa. Njia yake ya mwanga ni pana. Huu wa manjano njia yake nyembamba mno, mtu mwenye hadhi hawezi kupita humo."

Nilikuja kujua kuwa uzi wa njia pana umetengenezwa kwa safari fupi, ndani ya jengo moja, na kwamba kwa safari ndefu ni ule mwembamba wa manjano unaofikisha neno. Lakini matajiri wa Bondeni wote wana ule mpana, na maneno yao hupotea kabla hayajatoka mjini. Hawalalamiki. Wanasema maneno yao ni mazito, yanachelewa.

Sikununua kitu. Bwana Msellem akasema mgeni asiyechagua kwa mapazia lazima apate ruhusa ya Baraza la Viungo, akanipa siku ya kuhudhuria.

Asubuhi ya siku hiyo nilimkuta Bi. Kibibi anaosha mapipa yake yote. Majirani nao walikuwa wanapanga ndoo kwenye mchanga, na watoto wa chekechea wanaimba.

"Kuna nini, mama?"

"Hukusikia? Neno limetoka Mlimani alfajiri, kwenye uzi wa jirani. Maji yanakuja! Wametukumbuka. Huu ukame umetumaliza."

"Walisema hivyo tu, kwamba maji yanakuja?"

"Kulikuwa na mengine mbele na nyuma, hayakusikika. Lakini 'maji' na 'yanakuja' yalisikika vizuri, wote tumesikia." Akanipa pipa nimshikie. "Shika hapa, lisigonge tanuru."

Niliondoka na wasiwasi ambao sikuweza kuueleza.

Baraza la Viungo hukutana katika Nyumba ya Kiungo, palepale uzi wa Mlimani unapoingia kwenye mashine ya Bondeni. Sauti ya Mlimani hutokea kwenye kipaza sauti ukutani, ili wajumbe wajadili huku wakisikia. Mwenyekiti alikuwa Msimamizi wa Viungo, Bi. Tufaha, mwanamke mrefu wa makamo, mtu wa Bluu kwa kuzaliwa, ambaye saini yake iko chini ya Sheria ya Heshima. Upande wa pili aliketi Mheshimiwa Bakuza, kiongozi wa watu wa Kijani wanaoishi Bondeni. Walisemekana hawajawahi kukubaliana hata kuhusu kufungua dirisha.

Ombi langu lilikuwa limeanza kujadiliwa, na mjumbe mmoja alikuwa anataka kujua mapazia yangu yana maua au hayana, kipaza sauti kilipokohoa.

"...bwawa... ukuta unat... maji mengi yana... Mchangani... hama?"

Bi. Tufaha akasimama. Nilimwona akishika ukingo wa meza. Baadaye ndipo nilipojua kwamba mlinzi wa lango la bwawa, Makame, ni mdogo wake wa kuzaliwa naye tumbo moja, aliyeoa Mlimani na kubaki huko.

"Rudia!" akasema kwa sauti kwenye mashine. "Makame, rudia!"

"...ukuta unatoa nyufa... lazima nifungue lango... watu wa Mchangani... hama?"

Sasa kila mtu alielewa, na mimi nikaona mbele ya macho yangu zile ndoo zimepangwa kwenye mchanga. Wale hawakuwa wameambiwa tu kwamba maji yanakuja. Walikuwa wameambiwa wahame.

"Hawajahama!" Bi. Tufaha akapiga kelele. "Makame, hawajahama! Usifungue!"

Tukasubiri. Kipaza sauti kikakwaruza.

"...hama... nimekusikia dada... wamehama... vizuri... naelekea kwenye gurudumu..."

Sitasahau uso wa mwanamke yule. Neno lake lilikuwa limefika bila kichwa. Hawajahama, wamehama: mwanzo ukiliwa na ule mwanya na vumbi lake, yote mawili ni "hama" tu, na aliye upande wa pili huchagua analolitamani.

Naandika kama nilivyoona. Wajumbe waliinuka wote kwa pamoja, na kila mmoja alikuwa na hoja. Mjumbe wa Wizara ya Kuongeza Mwanga alipendekeza mwanga uongezwe mara mbili. Akajibiwa kwamba uliongezwa mwaka jana, ukaunguza vumbi likagandia kwenye kioo. Mwingine alitaka ijulikane kwanza kama kosa ni la bluu au la kijani. Wa tatu aliomba kumbukumbu za kikao kilichopita zisomwe. Mzee mmoja, aliyekuwa na jicho moja lenye ukungu, alisema angechungulia kwenye uzi aone kama mwanga upo, kama alivyofanya katika ujana wake. Wengi katika Baraza lile walikuwa na jicho la namna hiyo.

"Hapana mtu atakayechungulia," Bi. Tufaha akasema. "Mwanga wa humo hauonekani, ila unaunguza. Mnajua wote. Tulifundishwa shuleni." Akamgeukia mtu mmoja tu. "Bakuza."

"Msimamizi."

"Ile kesi ya mnafiki. Kielelezo bado unacho?"

Jirani yangu alininong'oneza. Fundi mmoja alitengeneza uzi mfupi wa manjano wenye kichwa cha kijani upande mmoja na cha bluu upande mwingine. Alishtakiwa kwa unafiki. Mheshimiwa Bakuza ndiye aliyeendesha mashtaka, na uzi wenyewe ulifungiwa kwenye sanduku la vielelezo, humohumo ukumbini, nyuma ya kiti chake.

Bakuza akaligeukia sanduku. Alikuwa mtu mnene, mwenye kutembea polepole, na jasho lilikuwa limeanza kumtoka kwenye paji la uso.

"Msimamizi, ukiutumia, umevunja Sheria ya Umoja hadharani."

"Najua."

"Uliisimamia mwenyewe."

"Bakuza, kuna watoto wa chekechea kule chini."

Bakuza akatoa ufunguo shingoni. Alipofungua sanduku akainua ule uzi kwa vidole viwili, na ukumbi mzima ukaguna.

"Umbo?" akauliza Bi. Tufaha. Alikuwa tayari amepiga magoti mbele ya mashine.

"Vyote viwili ni vile vidogo vya 'tik'."

"Tundu la mashine ni dogo. Sawa. Uzi wa Mlimani nao una kichwa kidogo. Sawa. Unahitaji mahali pa kukutania na mwenzake."

"Kuna kile kiunganishi cha zamani cha kijani ukutani, nyuma ya bendera," Bakuza akasema. "Kina mlango kila upande. Hatukukiondoa."

"Nilijua hamkukiondoa."

"Na mimi nilijua kwamba unajua."

Akasogeza bendera. Bi. Tufaha akashika kichwa cha kijani kilichosongamana kwenye tundu la bluu, kisha akasita.

"Nikichomoa, Makame hatasikia chochote."

"Sasa hivi anasikia uongo," Bakuza akasema. "Afadhali asisikie."

Akachomoa. Kipaza sauti kikafa. Kila mmoja wetu alikuwa anamwona mtu asiyemjua akitembea kuelekea kwenye gurudumu.

Hapo ndipo likatokea jambo ambalo watu wa Bondeni watalisimulia siku nyingi. Bi. Tufaha, mwenye saini kwenye Sheria ya Heshima, akatia mkono mfukoni akatoa kitambaa cheupe, laini, kilichokunjwa vizuri, cha kufutia vichwa. Hakikuwa kipya. Mtu mmoja akapiga kelele, "Anacho!" Bakuza akatazama kitambaa, akatazama dari, kisha na yeye akatia mkono kwenye koti lake akatoa cha kwake, pamoja na kichupa kidogo cha spiriti.

"Nyumbani tu," akasema. "Ninapozungumza na binti yangu."

Wakafuta. Bakuza vichwa vya kijani, Bi. Tufaha cha bluu na tundu la mashine, kwa mkono mmoja, kuelekea upande mmoja, bila kurudia palepale palipochafuka. Bakuza akapitisha kamera ndogo ya kukagulia mbele ya uso wa ule uzi wa Mlimani, tukauona kwenye kioo cha mashine umekuwa mkubwa kama mwezi.

"Umechubuka?"

"Pembeni. Miaka yote ile ya kusukumwa. Katikati ni pazima." Akapumua. "Katikati ni pazima, Tufaha."

Ilikuwa mara ya kwanza, nadhani, kumwita kwa jina lake tu. Kijani kikaingia kwa kijani. Bluu kikaingia kwa bluu, kikalia "tik", na sauti hiyo ndogo ilisikika hadi viti vya nyuma.

Hakuna aliyetarajia kilichofuata, maana hakuna aliyewahi kukisikia. Kwanza ulikuja upepo. Tukasikia upepo wa Mlimani ukipita juu ya maji, na ndege fulani, na nyayo za viatu kwenye kokoto. Wajumbe wakageuka kutazama mlangoni.

"Makame!"

Nyayo zikasimama.

"Dada?"

"Makame, sikiliza. Ha-wa-ja-ha-ma. Bado wako mtoni. Usifungue."

"Hawajahama?" Sauti yake ilikuwa karibu kama ya mtu aliyekaa na sisi. "Dada, nimeshaweka mikono kwenye gurudumu. Nilisikia wamehama."

"Ondoa mikono."

"Nimeondoa." Tukamsikia akikaa chini, tukasikia hata nguo yake ikikwaruza jiwe. "Mungu wangu. Nimeondoa."

Bi. Tufaha akafunika macho kwa kiganja. Bakuza ndiye aliyesogea kwenye mashine.

"Makame, mimi Bakuza. Ukuta utashikilia?"

"Si kwa muda mrefu, Mheshimiwa. Lakini kuna mlango mdogo wa pembeni, unamwaga maji kwenye mashamba ya mahindi. Tutapoteza mahindi yote."

"Fungua huo. Mahindi tutagawana ya kwetu."

"Ya Bondeni? Mtatupa sisi?"

"Nimesema mbele ya Baraza zima, na kwa mara ya kwanza nina hakika umesikia. Sisi tunashuka kuwatoa watu. Usiguse lango kubwa mpaka umsikie dada yako mwenyewe."

Wakashuka wote. Niliwaona wajumbe na kanzu zao za heshima wakikimbia kwenye mchanga, wakibeba vitanda na watoto na masufuria ya watu wasiowajua. Mjumbe aliyekuwa akiulizia mapazia yangu alipanda ngazi za ukingo na mbuzi begani. Mwanzoni watu wa Mchangani hawakuamini. Walishaambiwa maji yanakuja, na ndoo walishapanga. Lakini Bwana Msellem wa Idara ya Vichwa, ambaye mama yake mzazi anauza dagaa hapo, alisimama juu ya meza ya samaki akaeleza neno zima kuanzia mwanzo hadi mwisho. Nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza kumwambia mtu jambo bila kumuuliza anapenda rangi gani.

Bi. Kibibi alikataa kuliacha tanuru.

"Siwezi," aliniambia. Alikuwa amelikumbatia, hatanii. "Wewe nenda, mwanangu. Mimi kila kitu changu ni hiki."

Mheshimiwa Bakuza alifika akihema, akalitazama tanuru, akalizunguka.

"Nani alilijenga?"

"Mimi."

"Peke yako?"

"Peke yangu. Tofali kwa tofali."

"Basi tofali unazo mikononi, mama. Hilo jingine ni udongo." Akamnyoshea mkono. "Na wafyatuaji nitakuletea mimi. Twende."

Bi. Kibibi akaushika mkono ule, akapanda ukingo bila kugeuka nyuma.

Watu walipohesabiana kwa majina na kila mama akampata wake, Bi. Tufaha alirudi mbio Nyumba ya Kiungo. Mimi nilibaki juu ya ukingo. Tulisubiri kidogo, halafu tukayasikia maji kabla ya kuyaona. Yalikuja ya rangi ya chai, yakapita juu ya soko kama mtu anayepangusa meza. Vibanda vikaondoka. Ndoo zikaondoka zikielea mistari mistari. Tanuru lilisimama kwa muda, nikadhani litashinda, kisha likakaa chini taratibu ndani ya maji. Kisha mtoto mmoja wa chekechea akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Maji yamekuja," na ukingo mzima ukaangua kicheko, watu wakashikana, wakalia, wakacheka tena. Bi. Kibibi alicheka kuliko wote, machozi yakimtiririka, akinipigapiga mgongoni mpaka nikakohoa.

Msomaji atataka kujua Baraza lilifanya nini baadaye, na lazima niseme ukweli. Sheria ya Umoja haikufutwa. Wajumbe waliona kuifuta kungewaaibisha waliokwisha kuiimba. Badala yake waliamua kwamba, kwa kuwa uzi wa rangi mbili ni kielelezo cha kesi na hauwezi kutoka kizuizini, basi Nyumba ya Kiungo yenyewe itangazwe kuwa sehemu ya sanduku la vielelezo. Kwa hiyo uzi bado umefungwa, pale pale ulipounganishwa, na unafanya kazi. Vilevile kufuta uso bado ni marufuku, ila sheria mpya inaruhusu "kuubembeleza kwa kitambaa". Vitambaa viliuzwa hadi vikaisha. Idara ya Vichwa na Idara ya Matundu zimetoboa ukuta uliokuwa kati yao, na mteja sasa huulizwa anaunganisha nini na nini, umbo gani, uso gani, uzi wa safari ndefu au fupi, kabla ya kuulizwa mapazia. Mapazia bado wanauliza. Mimi nilipewa kichwa cha bluu, kidogo, kwa uzi wa manjano, na jioni ileile Saumu akanisikia, akanigombeza kwa kuchelewa, neno kwa neno.

Lakini siku ya maji, kabla giza halijaingia, nilipita Nyumba ya Kiungo kumtafuta Bi. Tufaha nimpe shukrani za Bi. Kibibi. Nilimkuta peke yake ukumbini, amevua viatu, amekaa sakafuni karibu na mashine. Lango lilikuwa limeshafungwa tena na ukuta umesimama. Mambo ya bwawa yalikuwa yamekwisha. Hawakuwa wanazungumza habari ya maana. Makame alikuwa akimweleza juu ya mvua, juu ya mkewe, juu ya jino la mtoto. Kisha akaacha hayo.

"Dada."

"Naam."

"Una mafua?"

Bi. Tufaha akajifuta pua kwa mgongo wa mkono.

"Kidogo," akasema. "Tangu juzi."

"Kunywa tangawizi. Sauti yako imekuwa nzito hapa katikati."

"Unaisikia?"

"Naisikia yote."

Nikatoka, nikaurudisha mlango polepole nyuma yangu.